Si yatima wa popote

Juzi kwenye kikao chetu cha wasomaji, mwenzetu mmoja alifunga kitabu akasema, "Hii ni hadithi ya yatima tu, ingeweza kutokea popote." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilirudi nyumbani nimefura, na hadi sasa roho haijatulia.

Kitabu chenyewe ni Grădina de sticlă, yaani Bustani ya Kioo, cha Tatiana Țîbuleac. Mama huyu ni mzaliwa wa Chișinău, Moldova. Anaishi Paris lakini anaandika kwa Kiromania. Riwaya ilitoka 2018, na 2019 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Umoja wa Ulaya. Tamara Pavlovna, mwokota chupa, anamchukua mtoto wa kike kutoka kituo cha mayatima amsaidie kuokota na kuosha chupa. Mtoto anaitwa Lastocika, neno la Kirusi lenye maana ya mbayuwayu. Kaingia kwa mlezi wake na lugha moja mdomoni, Kiromania, na ili aishi pale inabidi ashike nyingine, Kirusi.

Sasa hilo "popote" ni wapi? Urusi iliinyakua Bessarabia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Moldova, mwaka 1812. Mwaka 1918 ikaungana na Romania, 1940 Wasovieti wakaichukua. Wakakiita Kiromania cha pale "Kimoldova", wakakiandika kwa herufi za Kirusi, ili mtu wa huku asijione ndugu wa mtu wa Romania, ng'ambo ya mto Prut. Herufi za Kilatini zilirudishwa kwa sheria ya 31 Agosti 1989. Na jina? Bunge la Moldova lilipitisha sheria ya kuandika "Kiromania" kwenye sheria zote za nchi Machi 2023. Ndiyo, juzi hii! Ukimtoa Lastocika humo, unabaki na mtoto wa kuonewa huruma, basi. Kinachoulizwa na riwaya nzima kinapotea: mtoto apendwe kwa lugha gani, na ile aliyokuja nayo iende wapi?

Mimi swali hilo linanigusa kwa sababu ya karatasi moja. Bibi yangu wa Pangani alipofariki, kwenye kasha lake tuliikuta imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mama akaibusu, akaiweka juu ya kabati, akijua ni dua. Chuoni nilisoma juzuu zenye irabu zote, herufi nazijua, lakini ile haikuwa na irabu hata moja. Nikaikodolea macho nisione kitu. Miaka ikapita hadi mwalimu mmoja mzee alipoishika, akaisoma taratibu, kisha akacheka: "Mwanangu, hiki ni Kiswahili. Bibi yako anadai pishi mbili za mchele." Kiswahili! Lugha yangu ninayoiotea ndoto ilikuwa juu ya kabati, nami naipita kila siku.

Nilipokuwa namsoma Țîbuleac niliwafikiria wajukuu wa Chișinău wanaofungua barua za bibi zao, lugha ile ile, herufi nyingine. Angalau wao Kirusi kiko mitaani, wengi wanazitambua herufi.

Nakubali, japo kwa uzito, kwamba Tamara Pavlovna si shetani. Kirusi alichompa mtoto kilikuwa chakula, kilikuwa mlango wa kutokea. Wapo Wamoldova wengi ambao Kirusi ndiyo lugha ya mama zao, nao hawana kosa. Mwandishi analijua hilo, ndiyo maana yule mama anamkaripia mtoto na bado unamwonea imani. Lakini mkono unaokulisha ukikunyang'anya neno la kwanza ulilowahi kusema, shukrani na uchungu vinakaa koo moja, na Lastocika anaishi navyo hadi utu uzima.

Kuhusu wanaosema Kiromania ni lugha ndogo, Țîbuleac angeandika Kifaransa maadamu yuko Paris: hao sina la kuwajibu leo.

Kikao kijacho nitakuja na ile karatasi. Nitampa mwenzetu aishike kwanza, aniambie anaona nini, kabla sijamsomea mchele wa bibi.