Mkondo wa bimu: tuandike wastani au kila pigo?

Juzi tulikuwa mwaloni Kirumba mi na rafiki yangu mmoja fundi wa umeme, tukajikuta tunabishana kuhusu zile mashine za kuharakisha elektroni, aina ile inayotibu kansa. Yeye anasema ukipima mkondo wa bimu, yaani umeme unaobebwa na ule mwale wa elektroni, andika wastani wa kila sekunde basi, faili inakuwa ndogo na mtu anaisoma fasta.

Kusema kweli ana pointi. Kwenye wastani kelele za umeme zinajifuta, na kama unachotaka ni kujua mashine inachoka wiki hadi wiki, inatosha kabisa.

Ila bimu yenyewe haitiririki kama maji ya bomba, inakuja kwa mapigo. Chukua mapigo 200 kwa sekunde, kila moja miliampia 100 kwa mikrosekunde 4 tu, wastani wake unakuta ni mikroampia 80. Sasa pigo moja likija dabo wastani unasogea hadi 80.4, nani atashtuka hapo? Ni sawa na lori la dagaa magunia 200, moja limejaa mchanga, we unapima lori zima af unasema mzigo uko poa.

Akarudi kwenye ukubwa wa faili. Ukihifadhi umbo zima la kila pigo, yaani mkondo ulivyopanda na kushuka ndani yake, hapo kweli utajaza diski, nakubali, lakini chaji ya kila pigo, yaani jumla ya umeme uliobebwa na pigo hilo, ni namba moja tu, saa nzima namba 720,000, haifiki hata MB 3! Maumbo weka ya yale mapigo yaliyotoka nje ya mstari.

Kifaa cha kupimia nacho kina neno lake. Kikombe cha Faraday kinameza bimu yote kwa hiyo huwezi kupima huku unatibu, transfoma ya pete inaacha bimu ipite katikati na inaona kila pigo, ila haioni mkondo uliotulia, ule usiopanda wala kushuka.

Na kuna hili linaloniuma zaidi. Kati ya 1985 na 1987 mashine za Therac-25, za kutibu kansa aina hii hii, ziliwapiga wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi, wengine wakafa, na katika baadhi ya ajali hizo vipimo vilizidiwa vikaonyesha dozi ndogo. Yaani namba ilikuwepo, ila ya uongo. Ndo maana nikamwambia pembeni ya kila namba iwepo alama kama kipimo kiligonga mwisho wake, na hiyo alikubali iwekwe hata kwenye wastani wake.