Miwani ya wanaanga ijaribiwe simu ikiwa imekatwa

Fundi yeyote anajua hii, mikono ikishajaa grisi kitabu cha maelekezo hakishikiki tena. Mimi nilijifunza kufungua jenereta kitabu kikiwa juu ya ndoo, unasoma mstari mmoja, unainama, ukirudi umeshasahau ulikuwa bolti ya ngapi, unafuta mikono unaanza upya. Sasa hali hiyo ipeleke kilomita 400 juu, kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ambako hata spana ukiiachia inaelea inaenda zake.

Ndo maana naipenda sana ile miwani ya kompyuta, ile unaangalia mashine yenyewe halafu mchoro na maelekezo yanatokea juu yake, na mikono yote miwili iko huru. NASA na Microsoft walianza nayo 2015 kwa mradi wa Sidekick, miwani ya HoloLens. Mzigo wa kwanza ulipotea, roketi ya Falcon 9 ilisambaratika Juni 28 mwaka ule dakika mbili na kidogo tu baada ya kuruka, wakatuma mingine na mwanaanga Scott Kelly akaivaa Februari 2016.

Matumizi yako mawili. La kwanza mtaalamu aliye duniani anaona unachokiona wewe na anakuchorea palepale, kama 2021 mwanaanga Megan McArthur alipobadilisha vifaa vya maabara ya atomu baridi, mtambo wa kituoni wa kuchunguza atomu zilizopozwa sana, huku watu wa JPL, maabara ya NASA kule California, wakimfuatilia. La pili miwani yenyewe ndo inakuongoza hatua kwa hatua, bila mtu. Mwaka huohuo Soichi Noguchi wa Japani aliijaribu hivyo kukagua mashine ya kukimbilia, na msidharau mashine ile, wanaanga wanafanya mazoezi kama saa mbili kila siku la sivyo misuli na mifupa inalegea, ikifa ni shida ya afya kabisa.

Watu wengi wanasifia lile la kwanza, mimi nasema nguvu iwekwe kwenye la pili. Safari ya Mirihi sauti inachukua hadi dakika 22 hivi kufika, sayari zikiwa mbali, na jibu linachukua hizohizo kurudi, sasa mtambo wa hewa unazima unauliza nani? Kinachoniuma ni kwamba Microsoft 2024 waliacha kutengeneza HoloLens 2, toleo lililofuata la miwani hiyo, yaani kifaa ambacho kazi yote hii imejengwa juu yake kilikuwa bidhaa ya dukani tu, soko likikauka na chenyewe kinaondoka. Wanaanga wanahitaji cha kwao.

Na majaribio yafanywe kwa ugumu wake. Mpeni mwanaanga mashine ambayo hajawahi kuifungua, mvisheni miwani, kateni mawasiliano, akiuliza swali asijibiwe mpaka dakika 44 zipite, halafu tuone kama itawaka.