Nani Alibeba Bomba? Kukadiria Dawa Zilizowagusa Wakulima wa Tumbaku

Mtafiti akifika Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, kuchunguza kama dawa za kuua wadudu wa tumbaku zinahusiana na maradhi ya wakulima wa siku nyingi, atakwama mapema: huyu mtu alipiga dawa gani, kiasi gani, miaka 20 iliyopita?

Kupima mkojo hakumsaidii. Dawa za jamii ya oganofosfati, kundi mojawapo la sumu za wadudu, hutoka mwilini ndani ya siku chache. DDT hukaa miaka mingi, ila dawa nyingi haziko hivyo.

Wapo wanaotegemea karatasi. Tumbaku hulimwa kwa mkopo wa pembejeo kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na daftari la mkopo huonyesha nani alichukua nini. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mgonjwa husaka chanzo cha ugonjwa wake, akakumbuka mengi kuliko jirani aliye mzima. Daftari halina upendeleo huo.

Lakini daftari lina jina la mwanachama. Bomba la mgongoni alibeba nani? Mara nyingi ni kibarua, pengine katoka Kigoma kwa msimu mmoja. Na mama aliyefua nguo za mpigaji dawa hayumo kabisa. Kwangu pengo hili ni kubwa kuliko usahaulifu.

Kumbukumbu nayo isidharauliwe. Katika utafiti mkubwa ulioanza 1993 kwenye majimbo ya Iowa na North Carolina, Marekani, wapigaji dawa walioulizwa tena baada ya mwaka hivi walirudia kwa kiasi kikubwa jibu lao kuhusu dawa walizowahi kutumia. Idadi ya siku ndiyo iliyoyumba zaidi. Hao walikuwa na leseni. Kibarua aliyekabidhiwa dawa ikiwa imeshachanganywa kwenye ndoo hana jina la kutaja. Aulizwe alichofanya: bomba lilivuja? Alioga saa ngapi? Majina ya dawa yatafutwe daftarini.

Aulizwe pia alipougua alikuwa anapiga dawa au anachuma majani yenye umande, maana nikotini ikipenya ngozini huleta kichwa kuuma na kutapika, dalili zinazofanana na za sumu ya dawa.

Wapigaji wakichanganywa na wasiopiga, kama daftari linavyofanya, tofauti ya maradhi kati yao kwa kawaida hufifia. Kwa hiyo jibu la "hatukuona uhusiano" lililotoka daftarini peke yake lisipelekwe kijijini kama cheti cha usalama. Ningeomba daftari la msimu ujao liongezwe safu moja: jina la aliyepiga dawa.