Ukikata mtutu, kata na risasi

Mabishano ya bunduki ndefu na fupi hayaishi. Wazee wa shabaha watakwambia fupi ni kilema. Vijana waliozoea michezo ya kompyuta wanaiona ndefu kama gobore la makumbusho. Mimi naona wote wanatazama mtutu, na jambo lenyewe liko kwenye risasi.

Chukua Lee-Enfield Namba 4 ya Waingereza: sentimita 113, zaidi ya kilo 4. Sasa mfikirie askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waafrika wa Afrika Mashariki) mwaka 1944 akiteremka bonde la Kabaw, Burma, mvua haikatiki, tope magotini, na gogo kama hilo begani linanasa kwenye mianzi kila akiinama. Bunduki hubebwa kutwa, hufyatuliwa dakika chache. Mwaka huohuo Waingereza wakaanza kuunda bunduki fupi, Namba 5, sentimita 100 na kilo 3 na ushei. Aliyewahi kupanda mlima na mzigo anajua karibu kilo nzima ikitoka begani si jambo dogo.

Lakini walipunguza chuma na mbao tu. Risasi waliiacha ileile ya .303, iliyozoea mtutu mrefu. Moto ukawa unalipuka mdomoni mwa mtutu, wakafunga hapo kitu mfano wa faneli ili usimpofushe mpigaji usiku. Kitakoni wakaweka mpira, nao mwembamba kuliko kitako chenyewe. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu kama kwato, na teke lote la bunduki linatua mahali pamoja begani. Halafu yakaja malalamiko kwamba ukiirekebisha shabaha leo, kesho inapiga kando. Mwaka 1947 uundaji ukakoma, ingawa bunduki yenyewe iliendelea kubebwa Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), na hata misituni Kenya wakati wa Mau Mau.

Tazama AK sasa, bunduki ya Kirusi aliyoiunda Kalashnikov. Mtutu wake ni sentimita 41 na nusu, mfupi kuliko hata wa Namba 5, na sijamsikia mtu akiita AK kilema. Kalashnikov alianza na risasi ndogo: ganda la milimita 39, wakati la .303 ni 56. Bunduki ikaifuata risasi, haikulazimishwa.

Wamarekani nao walipotoka bunduki ya M16 kwenda M4 iliyo fupi, mtutu ulishuka kutoka sentimita 51 hadi 37. Teke halikuwa tatizo, maana risasi yao ni nyepesi. Ila risasi nyepesi hutegemea kasi, na mtutu mfupi hula kasi. Kwenye mabonde mapana ya Afghanistan hilo lilionekana. Hata hivyo mwaka 2015 kikosi chao cha mashambulizi ya kutokea baharini, Marine, wapenda shabaha wa kupindukia, waliamua askari wao wa miguu wabebe M4. Nakubaliana nao, japo shingo upande. M16 ni mita nzima na haikunjiki. M4 ukiingiza kitako inabaki sentimita 76, na hiyo inapita mlango wa gari la deraya bila kumgonga kidevu jirani yako.