Waipa Iliyokufa Usiku wa Le Mans

Nilikuwa darasa la sita. Mjomba alikuwa na Canter, tumetoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, tunaelekea Dar es Salaam. Hatujafika Mikumi, giza limeshaingia, mvua ikashuka na waipa ikagoma. Ilipanda hadi katikati ya kioo, ikasimama hapohapo kama kidole kinachoonyesha juu. Mjomba akaegesha, akatoa sigara mfukoni, akaipasua na kusugua tumbaku kwenye kioo kwa kiganja, kama walivyofanya madereva wa zamani. Tukaendelea mwendo wa kinyonga, kichwa chake kiko nje ya dirisha, maji yanamchuruzika hadi shingoni. Nusu saa haikuisha akasimama tena, safari hii akazima injini kabisa. “Sikia mjomba,” akaniambia, “vitunguu vikioza vitaota vingine. Sisi hatuoti.” Tukalala ndani ya gari mpaka kulipokucha.

Nimeanza na Canter kwa sababu bila usiku ule nisingemwelewa Henri Pescarolo.

Wanaofuatilia mbio za magari za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ambako madereva hupokezana gari moja mchana na usiku, wanamjua kama Mfaransa aliyezishinda mara nne: 1972, 1973, 1974 na 1984. Tom Kristensen wa Denmark amezishinda mara tisa, na Jacky Ickx wa Ubelgiji mara sita. Kwa hesabu hiyo Pescarolo ni wa kutajwa baada ya wengine, na ndivyo anavyotajwa. Mimi sikubaliani. Naamini hakuna aliyebeba maana ya mbio hizi kumzidi, na ushahidi wangu wa kwanza ni mbio ambazo hata hakuzimaliza.

Mbio za Le Mans hufanyika Juni, wakati usiku wa Ufaransa ni mfupi. Mwaka 1968 maandamano na migomo ya mwezi Mei iliivuruga nchi nzima, mbio zikasogezwa hadi tarehe 28 na 29 Septemba. Ukiangalia haraka ni mabadiliko ya kalenda tu. Lakini mwishoni mwa Septemba usiku wa kule unakaribia saa kumi na mbili, na mwaka ule ulikuja na mvua. Kampuni ya Matra ilileta gari la buluu lenye injini ya silinda 12, madereva wawili: Johnny Servoz-Gavin na Pescarolo, ambaye siku tatu kabla alikuwa ametimiza miaka 26. Waipa ikafa. Usiku Servoz-Gavin akaliingiza gari kwa mafundi, akasema haoni kitu na harudi tena barabarani. Pescarolo alikuwa amelala. Wakamwamsha.

Akapanda.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Njia ya Le Mans ina zaidi ya kilomita 13, na sehemu kubwa yake ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine hupita magari ya wakulima na ya watu waendao kazini. Kipande cha Hunaudières kilikuwa mstari mmoja wa karibu kilomita sita katikati ya miti, hakikuwa na kona za kupunguza kasi, maana zile ziliwekwa mwaka 1990. Mjomba wangu alishindwa kwenye lami ya Morogoro kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angetupita. Huyu aliingia kwenye mstari ule gizani, kioo kimejaa maji na matope yanayorushwa na magari ya mbele, wengine wakimpita na yeye akiwapita wengine, na hakuteremka mpaka gari lilipokuwa la pili. Usiku mzima. Zikiwa zimebaki saa chache tu, Jumapili, tairi likapasuka na moto ukawaka. Kwenye orodha ya matokeo, jina lake liko upande wa waliotoka.

Simlaumu Servoz-Gavin. Alisema ukweli wa macho yake, na ni macho hayohayo yaliyokuja kumwondoa kwenye mchezo mwaka 1970, baada ya jicho moja kuumia. Mjomba naye alifanya sawa, na ningekuwa na gari leo ningefanya kama yeye. Lakini kuna tofauti kati ya kumwona mtu sahihi na kumwona mtu wa ajabu, na sioni haya kusema kwamba usiku ule Ufaransa ilimwona mtu wa ajabu. Ushindi unaweza kupewa na injini. Usiku ule injini haikumpa chochote zaidi ya sababu ya kuteremka.

Miezi saba baadaye, Aprili 1969, Matra walifunga barabara ya Hunaudières ili kujaribu gari jipya, lenye bodi ndefu iliyoundwa kukata upepo. Gari liliruka, likaingia kwenye miti na kuwaka. Pescarolo aliungua vibaya usoni. Zile ndevu nene unazoziona kwenye kila picha yake, ambazo wengi hudhani ni mtindo wa ujana wa wakati ule, zilificha makovu. Kijana huyu alikuwa amesomea udaktari kabla ya kuacha vitabu kwa ajili ya usukani. Alijua vizuri kuliko wenzake nini moto hufanya kwenye ngozi. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa Nürburgring, Ujerumani, kwenye gari dogo la daraja la pili lililochanganywa na magari ya langalanga, akamaliza wa tano. Mwaka uliofuata alipanda jukwaani Monaco, nafasi ya tatu.

Langalanga haikumpa zaidi ya hapo, wala sidhani ni jambo la kusikitikia. Kule mtu hukimbia chini ya saa mbili akaenda kuoga. Le Mans ilimtaka mtu wa aina nyingine.

Ushindi wa 1972 aliupata na Mwingereza Graham Hill, bingwa wa dunia mara mbili aliyekuwa na miaka 43 na ambaye wengi waliona ameshachuja. Rais Georges Pompidou ndiye aliyefungua mbio. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1950 kwa gari la Ufaransa kushinda nyumbani, na kwa Hill ushindi ule ulimfanya mtu pekee hadi leo aliyeshinda Monaco, Indianapolis 500 ya Marekani na Le Mans. Siku hiyohiyo dereva wa Uswidi, Jo Bonnier, alikufa njiani. Hivyo ndivyo zilivyokuwa mbio hizi zama zile: shangwe na msiba kwenye wikendi moja.

1973 na 1974 alishinda na Gérard Larrousse. Ule wa 1974 una kisa ninachokipenda. Gari la Matra liliongoza kwa mbali, mara giaboksi ikaharibika, likaingia kwa mafundi na kukaa karibu robo tatu ya saa. Giaboksi ile ilikuwa imetengenezwa na Porsche, na Porsche hao hao ndio waliokuwa nafasi ya pili wakinyemelea. Mafundi wa Porsche wakaja kusaidia kuifungua na kuitengeneza. Gari likarudi barabarani, likashinda, Porsche likabaki la pili. Nikisikia watu wakisema michezo ni vita, nawakumbuka wale Wajerumani walioinama juu ya gari la mpinzani wao, mikono imejaa oili.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1984 Porsche kama kiwanda waligoma kushiriki kwa sababu ya mzozo wa kanuni za mafuta, uwanja ukabaki kwa watu binafsi wenye magari ya Porsche. Pescarolo na Mjerumani Klaus Ludwig wakashinda wakiwa na timu ya Joest. Nitalirudia hili la watu binafsi, maana ndipo penye hoja yangu kubwa.

Kwanza namba moja: 33. Ndiyo idadi ya mara alizoanza mbio za Le Mans, na hakuna dereva mwingine aliyeifikia. Alianza 1966, akamaliza 1999 akiwa na miaka 56. Ukihesabu miaka hiyo yote utaona alikosa mwaka mmoja tu, 1969, mwaka wa moto. Mwaka uliofuata, ili kuanza mbio, alipaswa kupita kwenye mstari uleule, kando ya miti ileile. Akapita. Kisha akapita tena kwa miaka 29 mingine, mwaka baada ya mwaka, mara nyingi kwenye magari ambayo kila mtu alijua hayatashinda. Watu wanaohesabu vikombe vinne huiruka namba hii kana kwamba ni ya makarani. Kwangu mimi ndiyo kazi yenyewe.

(Mambo mengine aliyoyafanya, kama kuzunguka dunia mwaka 1987 kwa ndege ya zamani ya propela, yanahitaji siku yake.)

Alipoacha usukani aliingia upande wa pili. Mwaka 2000 alianzisha timu yake palepale Le Mans, magari yakiwa na rangi za buluu na kijani. Kijani ndiyo ilikuwa rangi ya kofia yake ya chuma tangu zamani. Alichukua magari ya Courage, akayabadilisha kidogokidogo mpaka waandaaji wakakubali yaitwe Pescarolo. Mwaka 2005 gari lake lilianza mbele ya wote. Fikiria timu ya mtu mmoja, injini ya kununua kwa Judd wa Uingereza, inatangulia mbele ya magari ya Audi. Walimaliza wa pili, mizunguko 368 dhidi ya 370. Mizunguko miwili, baada ya mchana na usiku mzima. Wangepata ile miwili, Pescarolo angesimama karibu na Jean Rondeau, mzaliwa wa Le Mans ambaye mwaka 1980 alishinda kwenye gari lenye jina lake mwenyewe, jambo ambalo hakuna dereva mwingine amelifanya. Na mwaka ule wa Rondeau, gari jingine la timu yake liliendeshwa na nani? Pescarolo, pamoja na Jean Ragnotti.

Mwaka 2006 wakawa wa pili tena. Mmoja wa madereva wake watatu alikuwa Sébastien Loeb, ambaye mashabiki wa Safari Rally wanamjua kwa mambo mengine. Aliyewashinda alikuwa Audi mwenye injini ya dizeli. Mwaka 2007 Peugeot nao wakaja na dizeli yao, Pescarolo akawa wa tatu nyuma ya dizeli mbili, wa kwanza kati ya wote waliotumia petroli. Kanuni za wakati ule ziliipa dizeli nafasi ambayo karakana ndogo haikuwa na uwezo wa kuifuata, kwa sababu injini ya aina ile hainunuliwi dukani. Lazima uwe kiwanda. Haukuwa uzembe wake. Mlango ulikuwa umebadilishwa upana.

Mwaka 2010 timu ilifilisika, vifaa vikapigwa mnada. Marafiki wawili, Jacques Nicolet na Joël Rivière, walivinunua na kumrudishia. Mwaka 2011 akarudi, akatwaa ubingwa wa Le Mans Series, mfululizo wa mbio ndefu za Ulaya, katika daraja la juu. Miaka miwili baadaye milango ikafungwa moja kwa moja.

Watu watanijibu kwamba watu binafsi bado wanashinda. Kweli, mwaka 2025 Ferrari la njano namba 83, lisilo la timu ya kiwanda, lilishinda likiwa na Robert Kubica, Ye Yifei na Phil Hanson, na nilishangilia peke yangu sebuleni. Lakini lile ni gari lililoundwa na Ferrari. Kununua gari la kiwanda ni jambo moja. Kuunda lako, ukalipa jina lako, ukalipeleka kupambana na kiwanda ni jambo jingine. Mmarekani Glickenhaus alijaribu, na mwaka 2022 gari lake lilikuwa la tatu. Mwaka 2024 hakuwepo tena. Kisha tangu 2025 kanuni za ubingwa wa dunia zinamtaka kila mwundaji wa daraja la juu alete magari mawili msimu mzima. Kwa Toyota hilo ni suala la bajeti. Kwa mtu kama Pescarolo ni barua ya kumwambia asije.

Ninachowaomba waandaaji ni kidogo. Waache nafasi moja pale mbele, moja tu kila mwaka, kwa mwundaji mdogo mwenye gari moja, na wasimdai la pili. Wakitafuta rangi ya kuipa nafasi hiyo, kofia ile ya kijani ipo.