Mafunzo ya Afya ya Umma Kazini: Nani Atamsimamia Mwanafunzi?

Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya uzamili ya afya ya umma iliyowapeleka wanafunzi wilayani kujifunza wakiwa kazini. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya Uganda, kwa kushirikiana na chuo hicho na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliongeza mafunzo ya miaka miwili ya epidemiolojia, yaani uchunguzi wa jinsi magonjwa yanavyoenea, ambayo wenye shahada hiyo huyapata wakiwa ndani ya idara za wizara yenyewe.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Anayeketi na daftari la wagonjwa wa nje katika kituo cha afya, akakuta umri haukuandikwa na jina la kijiji kimoja limeandikwa kwa namna tatu, hutambua upesi kwamba kabla ya kuhesabu wagonjwa ni lazima kukubaliana nani ahesabiwe, na kwamba takwimu za mwisho wa mwezi zimetoka mikononi mwa muuguzi mwenye foleni mlangoni. Ebola iliyotangazwa wilayani Mubende, Uganda, Septemba 2022, iliyothibitishwa kwa watu 142 na kuua 55 kati yao, ilihitaji watu wa kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa kwa siku 21, nyumba kwa nyumba, wakiwemo waliokuwa wakijificha. Hilo halifundishiki ubaoni.

Hata hivyo, wenye shaka nao wasipuuzwe. Afisa wa afya wa wilaya anayekabiliwa na bajeti, chanjo na wageni wa wafadhili humwona mwanafunzi kuwa msaidizi wa bure, akamkabidhi ripoti zilizolala, na mwanafunzi akaondoka akiwa hodari wa kujaza fomu lakini hajawahi kuulizwa kwa nini namba zimepanda. Tena uzoefu peke yake hausahihishi sampuli, yaani kundi dogo linalowakilisha wote, iliyochaguliwa vibaya; humfanya mtu aizoee tu. Na kwa kuwa wilaya sasa zimevuka 130, wazoefu wa kufundisha wametawanyika mno.

Kwa maoni yangu, kazini ndipo mahali sahihi, mradi somo la takwimu litangulie darasani na usimamizi uandikwe katika majukumu ya afisa, pamoja na saa zake na malipo yake. Gharama hiyo haina budi kuingia katika bajeti ya serikali, kwa sababu mpango wa 1994 uliegemea fedha za Rockefeller Foundation, shirika la hisani la Marekani, na ule wa 2015 fedha za serikali ya Marekani, na mfadhili hukubali kwa wepesi posho ya mwanafunzi kuliko mshahara wa anayemfundisha.