Amri za ndani zinahitaji mlango kabla ya maelezo

Jumamosi nilikuwa na vijana watano tunajifunza terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, kwenye Linux ya Ubuntu ya kawaida tu, na nilishawaambia mapema mtu akikwama aandike man, inayofungua ukurasa wa maelezo, halafu jina la amri, asinisubiri mimi. Binti mmoja akaandika man cd, cd ikiwa amri ya kuhama folda. Ikamjibu hakuna ukurasa wa cd. Akanigeukia, "Kaka, kwani cd siyo amri?" Nikabaki namtazama, maana ndiyo amri ya kwanza kabisa niliyowafundisha asubuhi ile.

Tuliokaa miaka na Bash, sheli ya Ubuntu, yaani programu inayopokea amri unazoandika, tunajua kwa nini. cd ni amri ya ndani, imo ndani ya Bash yenyewe, na haina jinsi, ingekuwa programu ya pembeni ingehama folda yenyewe, ikamaliza kazi, na wewe ungebaki palepale ulipokuwa. Na maelezo yapo, andika help cd uyaone, mazuri tu. Lakini jamani yule binti angejuaje kama kuna help? Nimemwambia aandike man, kaandika man, kaambiwa hakuna.

Kinachoniuma zaidi ni echo, amri ya kuchapa maneno kwenye skrini, nayo ni ya ndani. Ukiandika man echo ukurasa unafunguka, roho inatulia, kumbe unasoma habari za echo nyingine, ile ya GNU coreutils, kifurushi cha programu ndogondogo za pembeni, iliyoko /usr/bin/echo. Ukurasa unasema kuna opsheni ya --help, unaandika echo --help, na Bash inakuchapia --help hilohilo kwenye skrini basi. Kijana mmoja alirudia mara tatu, kila mara anakagua herufi moja moja kwa kidole, akiamini kakosea yeye. Sawa, chini ya ukurasa kuna notisi kwamba sheli yako huenda ina echo yake, nakubali ipo, ila inakwambia tu ukaangalie maelezo ya sheli yako na haisemi uandike nini ili uyapate. printf, test na pwd nazo ni hivyohivyo.

Ndiyo maana nikisikia watu wa projekti fulani wanapanga kuandika nyaraka za amri zao za ndani, naomba wasianze na vichwa vya sura. Waanze na mtu aliyekwama saa tano usiku, vidole vyake vitaandika nini kwanza? Hapo ndipo ukurasa ukae, au hata mstari mmoja wa kumwelekeza. fish, sheli nyingine, wamelifanya hili, ukiwa ndani ya fish ukaandika man cd unaletewa cd ya fish yenyewe. Ubuntu nayo ina man bash-builtins, ila jina hilo mgeni hawezi kulibuni, na man bash inakumwagia kila kitu kwenye ukurasa mmoja mrefu mno.

Upande wa kuandika lazima niwape haki yao Bash, walipanga vizuri. Fungua folda ya builtins kwenye msimbo chanzo wa Bash utakuta cd.def, na humo maelezo ya help na msimbo wa C wa amri yenyewe vimekaa faili moja, kwa hiyo anayeongeza opsheni maelezo yapo mbele ya macho yake. Hili waigeni. Na orodha ya amri za ndani msiitunge kwa kichwa, kwenye Bash ukiandika compgen -b inazitoa zote, ni 60 na kitu, zipitishe kwenye man moja moja muone ngapi zinarudi mikono mitupu na ngapi zinafungua ukurasa wa programu nyingine.

Vijana wangu nimewaanzishia utaratibu mwingine: kabla ya man, andika type na jina la amri, ikisema ni ya ndani nenda help. Binti akaandika kwenye daftari, akakaa kidogo, kisha akajaribu type type. Ikamjibu nayo ni ya ndani. Akaandika help type bila kuniangalia, akaanza kusoma.